Nilivyomtoa Somoe kwenye Picha

Wanangu, mmekuja mara tatu hapa kwangu Baleni kunitaka niwafundishe kazi, na mara zote tatu nimewalisha mihogo ya nazi nikawarudisha Kilindoni mikono mitupu. Msidhani ni uchoyo. Ni uchovu tu. Mtu akikaa miaka thelathini na ushei mbele ya skrini, akichagua ipi itazamwe na nchi nzima na ipi isitazamwe, hamu ya kuzungumzia skrini humwisha. Lakini juzi mjukuu wa jirani yangu alinionyesha kwenye simu ile mechi yenu mliyoirusha wenyewe, mliyocheza na wageni kutoka ng'ambo. Mlipofunga bao mlilirudia mara nne. Mlipofungwa, simu ikageukia minazi.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaomba nirudishiwe nyuma niione tena ile minazi, na mara ya pili sikucheka. Kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ninyi mmewaonyesha minazi watu wachache wenye simu, mimi niliionyesha nchi nzima, na kuna mtu mmoja kule Bweni aliyepata kwa sababu hiyo jina ambalo halikuwa lake. Basi naandika. Mtanisamehe nikiruka huku na huku, maana sina tena kichwa cha kupanga mambo kwa mstari.

Kwanza mjue kazi yangu ilikuwa ipi. Hapa Mafia wengi wanaamini nilikuwa mtangazaji, wakashangaa mbona hawaikumbuki sura yangu. Nilikuwa mchanganya picha. Pale kituoni Dar es Salaam, kwenye chumba cha mitambo, mbele yangu palikuwa na safu ya skrini ndogo, na chini yake safu ya vitufe. Kamera ya studio ilikuwa na kitufe chake, matangazo ya biashara kitufe chake, picha inayoshuka kwa setilaiti kutoka nje kitufe chake. Mwongozaji akisema "nenda", nabonyeza, na hicho ndicho mnachokiona sebuleni kwenu. Zile skrini nyingine hazizimiki. Zinaendelea na mambo yake, ila wanaoyaona ni sisi tulio ndani ya chumba. Hilo mliweke kichwani, nitalirudia.

Aliyenifundisha ni Mzee Mwakalobo, mwongozaji wetu, mtu wa Mbeya, mlokole, mpole, aliyekuja kazini na chupa yake ya uji na kikombe chake cha bati. Sijapata kufanya kazi na mtu mwenye jicho kama lile. Ndiye aliyenionyesha namna ya kuweka kidole juu ya kitufe bila kukigusa. Ndiye aliyeniambia nihesabu mbili moyoni kabla sijaiacha picha, maana jambo zuri hutokea mtu anapodhani limekwisha. "Rukia," alikuwa akisema, "usimtazame mchezaji miguu. Mtazame macho. Anakotazama ndiko anakokwenda." Jaribuni hilo na simu zenu, mtaona mpira hauwatoroki tena.

Lakini Mzee huyo huyo ndiye aliyekuwa na amri ya sabuni.

Amri yenyewe ilikuwa hivi. Timu yetu ya taifa ikicheza nje, sisi tunapokea picha na kuirusha. Ikifungwa bao, hatukai kutazama wenzetu wanavyoshangilia, wala hatutazami marudio. Tunakwenda kwenye tangazo. Na tangazo lililokuwa karibu siku zote lilikuwa la sabuni ya kufulia, mama mmoja anaanika shuka nyeupe huku anaimba. "Mtazamaji wetu hakukaa kitako alie," Mzee alisema. "Akitaka kulia ana yake nyumbani." Basi ikawa tukifungwa, sabuni. Tukifungwa tena, sabuni. Kuna mechi moja yule mama alianika shuka mara tano.

Mwishowe watu wakazoea. Nilikuja likizo hapa Mafia, nikawa nimekaa dukani Kilindoni kwenye televisheni, siku ya kawaida kabisa, hakuna mechi, ni tamthilia tu. Likatokea lile tangazo. Mzee mmoja mvuvi akapiga paja, "Lahaula! Tumefungwa!" Duka zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka, lakini nilikuwa najua nani kawafundisha. Baadaye wenye sabuni wenyewe waliandika barua kulalamika kwamba bidhaa yao inaleta nuksi.

Msidhani tulikuwa peke yetu. Nimepokea picha za nchi nyingi na zote zina lao. Mwenyeji wa mashindano ndiye anayeshika kamera, na kamera ina damu ya mwenyewe. Mchezaji wake akichezewa vibaya utaiona rafu kutoka kaskazini, kusini, juu na chini, polepole mpaka uone nyuzi za soksi. Akiicheza yeye, utaonyeshwa kocha anakunywa maji. Kuna mashindano ya kuogelea tulipokea, mshindi alikuwa wa nchi nyingine, na kwa muda mrefu tuliangalia mama wa aliyekuwa wa sita akipunga mkono, kwa kuwa alikuwa mama wa wenyeji. Mtangazaji wetu akaanza kuusifu mtandio wa yule mama.

Huyo mtangazaji tulimwita Redio. Alikuwa ametoka redioni kweli, na hakuwahi kusadiki kwamba watu sasa wanaona. Alitangaza akiwa pale studio Dar es Salaam akitazama skrini kama ninyi, lakini alisema "hapa uwanjani baridi ni kali" na kusugua viganja. Katika ndondi ngumi ya bondia wetu ikikosa, alisema imepita karibu sana na adui kaogopa. Bondia wetu akipigwa, Redio alisema anamchosha mpinzani. Tulimpenda. Nchi nzima ilimpenda. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na ni ugonjwa mlio nao ninyi: hawezi kukaa na kitu asichokijua. Asichokijua alikijaza mwenyewe.

Sasa niwaambie habari za Somoe.

Somoe ni mtoto wa Bweni, huko juu kwenye mnara wa kuongozea meli. Alikimbia tangu shuleni, akachukuliwa jeshini, akakimbia huko, mpaka akachaguliwa kuiwakilisha nchi katika mbio ndefu za wanawake, zile za kilomita arobaini na mbili, katika mashindano makubwa Ulaya. Sitaji nchi. Mimi nilikuwa simjui kwa sura, lakini mtu wa Mafia kwenda mbali kiasi kile, nyie, nililala na kuamka nalo. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili siku ile niwe mimi kwenye vitufe.

Huku nyumbani televisheni zilikuwa za kuhesabu, na ya kuaminika ilikuwa pale pale dukani Kilindoni, kwa jenereta. Mama yake Somoe, Bi Mwanahawa, aliletwa kutoka Bweni na gari la mnunuzi wa nazi, akawekewa kiti mbele ya watu wote. Dada yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Alisema Bi Mwanahawa alikuwa amesuka ukili miezi mitatu, akashona mkeka mpana wa rangi, wa kumpokelea mwanawe na wageni watakaokuja kumpongeza. Alikuwa akiwaeleza watu upana wake kwa mikono.

Mbio zikaanza, saa za mchana kwetu. Somoe alikuwa kundi la mbele. Wenyeji hawakumjali, kamera zao zilikuwa na watu wao, lakini kundi ni moja, kwa hiyo tukawa tunamwona. Redio alikuwa amepandisha sauti mpaka imemkauka. Mzee Mwakalobo hakunywa uji wake. Nilikuwa nimeweka kidole juu ya kitufe kwa saa nzima.

Baada ya kilomita ya thelathini wale wa mbele wakaongeza mwendo. Somoe akabaki hatua tano, kumi, halafu pikipiki ya kamera ikaenda na wanaoongoza. Somoe akatoka kwenye picha upande wa kushoto, taratibu tu. Tukasubiri. Wenyeji hawakurudi nyuma kumtazama. Kwa nini warudi?

"Hatumwoni," akasema Mzee. "Nenda studio."

Sikuhesabu mbili. Nilibonyeza hapo hapo, kwa kuwa na mimi sikutaka kumwona mtoto wa kwetu akishindwa. Huo ndio ukweli wangu, na sijapata mwingine wa kumtupia lawama. Redio akatokea kwenye skrini za watu, uso umemshuka, akasema: "Naam watazamaji, binti yetu amejitahidi sana, lakini mbio zimemshinda. Amejitoa."

"Mzee," nikasema, "nani kamwambia amejitoa?"

"Kama hayupo kwenye picha, kaenda wapi?"

Tukaweka sabuni. Baada ya sabuni tukaweka taarabu.

Lakini nimewaambia, zile skrini nyingine hazizimiki. Picha ya Ulaya iliendelea kushuka mbele yangu, ndogo, bila sauti. Washindi waliingia, wakavikwa bendera. Wengine wakaingia. Kwa kawaida kamera hapo zingeondoka, lakini wenyeji walikuwa na mkimbiaji wao mmoja, mwanamke mtu mzima, nadhani walimpenda kwa mambo ya zamani, na alikuwa bado yuko njiani. Wakamsubiri. Sisi tumeshamtupa wa kwetu, wao uwanja mzima umesimama unamsubiri mtu wa ishirini na kitu. Akaingia, fulana ya mistari, anachechemea, watu wanapiga makofi mpaka kamera inatikisika.

Na nyuma yake, kwenye pembe ya picha, kushoto, alikuwa Somoe.

Sikukosea. Fulana ya taifa, mkono mmoja kaubana ubavuni, kichwa kimelalia begani. Kamera haikuwa yake. Ilimfuata yule mwanamke wa mistari, na Somoe alikuwa anaingia na kutoka pembeni kila yule mwanamke alipopunguza mwendo. Wakazunguka uwanja. Mwanamke wa mistari akakata mstari, akapewa maua, kamera ikamng'ang'ania. Nyuma ya maua nikamwona Somoe akikata mstari. Hakusimama. Aliendelea kukimbia, moja, mbili, tatu, mpaka hatua sita, ndipo mwanamume mwenye kofia ya njano akamshika mabega, naye akapigana kumtoka, kisha magoti yakamwisha. Kamera ikahamia kwa familia ya yule mwingine.

"Mzee! Somoe huyu hapa! Amemaliza!"

Mzee alikuwa ameona. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Wa ngapi?"

"Sijui wa ngapi. Amemaliza."

"Tumeshawaambia watu amejitoa, Rukia." Akavaa miwani. "Acha muziki uishe."

Muziki ukaisha, ikaja taarifa ya habari. Nilikwenda kwa watu wa habari, wakaniuliza kama ana medali. Nikarudi kwenye kiti changu. Wiki mbili baadaye kanda zilikuwa haba, nikaambiwa nitafute kanda ya kurekodia mashindano ya kwaya. Nikaichukua ile ya mbio, iliyonasa picha ya Ulaya mpaka mwisho, niliyoiandikia mwenyewe ubavuni, nikarekodi kwaya juu yake. Mkono huu huu. Nilijiambia hakuna atakayeiulizia, na kweli hakuna aliyeiulizia.

Ninyi mtasema, bibi, tafuta mtandaoni. Nimetafuta. Nimewapa vijana wawili simu zao wanitafutie. Waliowekwa ni kumi wa mwanzo. Redio ametangulia mbele ya haki, Mzee Mwakalobo pia, na alipokuwa anaumwa nilikwenda kumwona Dar, tukazungumza mengi, hilo hatukulizungumza.

Dada yangu aliniambia kwamba Redio alipotamka lile neno, watu wote dukani walimgeukia mama yake. Bi Mwanahawa akainuka kwenye kiti, akafunga khanga yake vizuri, akauliza gari linarudi Bweni saa ngapi.

Somoe akarudi Mafia na jina la Nusu. Somoe Nusu. Sijui nani alilianza, lakini nani hakulisikia? Alipojaribu kusema kwamba alikimbia mpaka uwanjani, waliambiana pembeni, maskini anajitetea, sisi tumeona kwa macho yetu. Hawakuwa wameona chochote, waliona sabuni. Mwalimu mmoja wa bara aliyehamishiwa Bweni alitaka Somoe awafundishe watoto mbio, wazazi wakamjibu kwenye kikao kwamba hawataki watoto wao wafundishwe kuacha njiani. Hayo niliyasikia nikiwa bado kazini Dar, kipande kipande, kila nilipokuja likizo. Bweni sikwenda. Nilisema barabara mbaya.

Hapa ndipo nilitaka kuwaachia maneno ya kazi, kwa sababu mliyaomba. Kama humwoni mchezaji, sema humwoni, kisha funga mdomo. Usiseme kaondoka. Usiseme kachoka. Iandike namba ya kila mmoja kwenye karatasi kabla hamjaanza, na aliyetoka kwenye picha mwekee alama, ili ujue una deni la kumtafuta. Zitazameni pembe za picha. Katikati kila mtu anaona. Na mkifungwa, shikeni simu pale pale mlipo, muonyeshe waliowafunga wanavyofurahi. Mikono itauma. Iacheni iume. Timu yako ikipoteza bado ni timu yako, na mimi nilijifunza hilo kutoka kwa wageni waliokuwa wakimpendelea wa kwao waziwazi, maana angalau wao upendeleo wao ulifika mpaka kwa aliyeshindwa. Wetu uliishia kilomita ya thelathini.

Nilistaafu nikarudi huku. Mwezi wa pili tangu nirudi nilikwenda hospitali Kilindoni kwa ajili ya magoti, nikakaa kwenye benchi, na pembeni yangu alikuwa bibi mmoja mkongwe amejifunika ushungi mweupe. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza mimi wa wapi. Nilipomwambia, akanitazama.

"Wewe si yule binti wa Baleni aliyekuwa akifanya kazi kwenye televisheni?"

"Ndimi, mama."

"Mwanangu mimi aliwahi kutokea humo. Somoe. Alikimbia Ulaya." Akakung'uta khanga yake. "Akachoka, akaacha njiani. Lakini alikimbia, ati."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Moja. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikafikiria watu waliokaa kwenye lile benchi, nikafikiria nitaeleza vipi kwamba nilijua miaka yote hiyo. Nikasema, "Pole, mama." Muuguzi akaita jina langu, nikainuka haraka kuliko magoti yangu yalivyotaka.

Nilijiahidi nitakwenda Bweni mvua zikipungua. Mvua zikapungua. Nikasema baada ya Mfungo. Mfungo ukaisha. Bi Mwanahawa alifariki mwaka mmoja na miezi minne tangu mimi nirudi kisiwani. Dada yangu alikwenda matangani, mimi nilisema naumwa. Nina aibu kuyaandika haya kwa vijana, lakini mkitaka kazi yangu mchukue na huu upande wake.

Miezi mitatu iliyopita, asubuhi, nikapanda bodaboda. Ile barabara ni kweli mbaya, sikuwa nimeisingizia. Nilishuka Bweni mgongo umekufa ganzi. Somoe nilimkuta uani kwake anafua nazi, anaisukuma nazi kwenye ncha ya kifuo na kubandua makumbi kwa mikunjo mitatu, kazi ya wanaume hiyo na yeye anaifanya kama anamenya ndizi. Nywele zina mvi. Miguu ni ile ile.

"Shikamoo dada. Karibu."

"Marahaba. Mimi naitwa Rukia, natoka Baleni. Nakupa pole ya mama. Nimechelewa."

"Tumeshapoa. Wa televisheni," akasema. Hakuwa akiuliza.

"Wa televisheni. Nimekuja kwa habari ya zile mbio."

Akachukua nazi nyingine. "Zimekwisha hizo, dada."

"Somoe, hukujitoa. Ulimaliza. Niliona."

Nazi ikabaki kwenye kifuo. "Uliona wapi? Si haikuonyeshwa?"

"Haikuonyeshwa kwa sababu mimi ndiye niliyebonyeza ikaondoka. Kisha nikakuona kwenye skrini ndogo. Nilikuona unaingia uwanjani. Nyuma ya mwanamke wa fulana ya mistari."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima. Badala yake alifuta mikono kwenye khanga, akanisogelea karibu mno, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Yule mwanamume wa kofia ya njano. Alinishika wapi?"

Sikumwelewa mara moja.

"Mimi nilikuwa nakimbia," akasema. "Najua niliingia uwanjani, nilisikia makelele. Mstari sikuuona, macho yalikuwa yameshaingia giza. Yule akanishika. Nikazinduka niko kwenye hema. Kiongozi wa timu akaniambia pole, basi, hana zaidi, karatasi za matokeo keshazifunga. Nikasema yule wa kofia kanitoa. Nikarudi nyumbani nakuta televisheni imesema nimejitoa. Nikasema kumbe ndivyo, basi. Nilibishana na watu mwaka wa kwanza. Halafu na mimi sikuwa na hakika." Akanishika mkono. "Alinishika kabla au baada?"

"Baada."

"Usiniambie kwa kunihurumia."

"Hatua sita baada ya mstari. Nilizihesabu. Mstari ulikuwa nyuma yako."

"Sita?"

"Sita. Na ulipigana naye, ulikuwa unataka kuendelea."

Akacheka kidogo, kicheko cha pumzi tu. Akarudi kukaa kwenye gogo lake. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kuona wepesi ambao sikuustahili. Ndipo akauliza muda niliokaa huku.

"Umerudi lini Mafia?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Mama alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Nilikutana naye hospitali. Tulikaa benchi moja."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

Akachukua nazi akaifua. Akachukua ya pili. Nilihesabu nazi kwa sababu sikuweza kumtazama usoni, zilikuwa tano. Kuku walipita kati yetu. Nikasimama ili niondoke, maana sikuona ruhusa ya kubaki, na dereva wa bodaboda alikuwa amejilaza pale kwenye kivuli cha ukuta.

"Unakwenda wapi?" akasema.

Akaingia ndani. Nilisikia anaburuta kitu, anapanda juu ya kitu, kisha akatoka na mkeka uliokunjwa, mweusi wa moshi wa jikoni, umefungwa kwa kamba ya ukili. Kamba ilikatika alipoigusa. Akauweka chini uani na kuukunjua taratibu, na ukawa unalia kwa ukavu. Nje ulikuwa masizi matupu. Ndani rangi zilikuwa mbichi, zambarau na kijani, hazijapata kuona jua wala matako ya mtu. Ulikuwa mpana kama Bi Mwanahawa alivyowaonyesha kwa mikono.

"Aliupandisha darini siku ile aliporudi kutoka Kilindoni," akasema Somoe. "Sikumwuliza kwa nini. Karibu kitako."

Nikavua viatu, nikakaa ukingoni. Somoe akakaa ukingo wa pili. Katikati yetu akaacha nafasi, akaipangusa kwa kiganja mara mbili tatu kama inavyopanguswa kwa mgeni anayekuja.

"Haya, dada," akasema. "Anzia pale ninapoingia uwanjani. Sema kwa sauti. Na usikate."